Vidole vya mchuuzi na majibu ya damu: Njia ya Nakivale hadi Mbarara

MBARARA, Uganda

BIASHARA ya Nakivale ni biashara ya mikono. Katika soko la Isangano, ndani ya makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kitenge hukunjuliwa na kukunjwa tena mara nyingi kabla mteja mmoja hajafungua pochi. Gunia la mahindi linafungwa kwa kamba, samaki wa Ziwa Nakivale anaparuliwa magamba, noti zinahesabiwa. Mchuuzi ambaye vidole vyake havikunjiki asubuhi hupoteza saa za mwanzo za soko, nazo ndizo saa za wanunuzi wa jumla.

Akieleza shida yake, jibu atakalopewa analijua tayari: "Hiyo ni baridi yabisi, mama." Waliotoka Kongo na Burundi wengine huita rumatisimu, kwa kufuata Kifaransa. Majirani watamlaumu ubaridi wa alfajiri, maji ya ziwa au umri. Wapo watakaonong'ona kuhusu jicho la mtu. Kisha ataelekezwa duka la dawa, anunue vidonge vya diklofenaki, na maumivu yatapungua. Mwezi unaofuata atarudi dukani.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Jina baridi yabisi limefunika magonjwa mengi yasiyofanana. Kuna goti lililochakaa kwa kubeba mizigo miaka ishirini. Kuna jongo, ambalo ni tindikali ya yuriki kuganda kwenye kiungo. Kuna kifua kikuu cha mifupa, na kuna homa ya maziwa mabichi. Halafu kuna ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo, mara nyingi ikianzia vidoleni na viganjani, mikono yote miwili kwa pamoja. Huu wa mwisho ndio madaktari wanaouita baridi yabisi kwa maana halisi, na usipotibiwa hula gegedu na mfupa wenyewe. Duniani huwapata takriban watu 5 hadi 10 katika kila watu wazima 1,000, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Huanza mara nyingi mtu akiwa katika umri wa kufanya kazi, wakati watoto wako shuleni na mtaji uko barabarani.

Wakati ndio jambo la kulihofia. Kwa mgonjwa asiyetibiwa, mifupa huweza kuanza kulika ndani ya miaka miwili ya kwanza, na kilicholika hakirudi. Shirikisho la Ulaya la madaktari wa magonjwa haya, EULAR, linataka mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki sita tangu dalili zianze. Wiki sita! Kwa mtu wa Nakivale, wiki sita ni safari mbili tatu za kufuata bidhaa, na kila safari ina sababu ya kuahirisha hospitali.

Kutoka makazini hadi Mbarara mjini ni kiasi cha kilomita 60. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko, na leo ina zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea, Kiswahili kikiwa lugha inayowaunganisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kufungua biashara na kusafiri ndani ya nchi. Ndiyo sababu bidhaa za Nakivale hukutwa mbali na Nakivale. Lakini tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa msaada kwa kuangalia uhitaji wa kila kaya, familia nyingi zimebaki kutegemea mikono yao kuliko zamani. Mkono ukigoma, hakuna mgao wa kuziba pengo.

Mbarara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo pia ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na wakimbizi hutumia vituo hivyo pamoja na wenyeji. Hata hivyo kila msafiri anajua hesabu ya kweli: nauli, chakula, siku mbili za kibanda kufungwa, na kipimo kinachoandikwa kwenye karatasi ukafanyiwe maabara ya binafsi mjini kwa sababu dawa ya kupimia haipo siku hiyo.

Basi ni vyema mtu ajue anacholipia.

Majina manne kwenye karatasi

Karatasi ya maabara huja na herufi ambazo mgonjwa hasomewi. Nne hukutana nazo wengi.

ESR ni ya zamani na ya bei nafuu kuliko zote. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, na baada ya saa moja mpimaji anasoma chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, protini fulani huongezeka kwenye damu, chembe hushikamana kama sarafu zilizopangwa, na huzama haraka. Hakuna mtambo wa umeme unaohitajika. Ila kipimo hiki kina wepesi wake wa kudanganya: upungufu wa damu hukipandisha, ujauzito hukipandisha, malaria nayo hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine la ESR linalowahusu watu wa mbali. Damu hiyo ikikaa kwenye joto la kawaida inapaswa kupimwa ndani ya saa nne hivi tangu itolewe. Kichupa kilichotolewa Nakivale asubuhi, kikapanda bodaboda, kikasubiri gari lijae, kisha kikapanga foleni Mbarara, kinaweza kutoa namba isiyo na maana. Kipimo hiki kifanyike pale pale damu inapotolewa, au mtu asafiri mwenyewe. Vipimo vingine vya kinga havina haraka hiyo, kwani maji ya damu yakitenganishwa na kugandishwa husafirishwa mbali bila kuharibika.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapowaka. Hupanda ndani ya saa chache na kushuka upesi chanzo kikiisha, hivyo inafaa kuliko ESR kuonyesha kama dawa inafanya kazi. Nayo haisemi moto uko wapi. Jipu la mguu na kiungo kinacholika vyote huipandisha.

RF ni kitu kingine kabisa. Hiki ni kingamwili kinachoshambulia kingamwili za mwili wenyewe, askari anayemkamata askari mwenzake. Mnorwe Erik Waaler alikieleza mwaka 1940, na tangu hapo kimekuwa kipimo cha kwanza kuagizwa duniani kote. Katika maabara nyingi za kwetu hupimwa kwa tone la damu na chembe ndogo za plastiki kwenye kibao. Zikigandamana, majibu yanaandikwa chanya.

Cha nne ni anti-CCP, kilichotokana na kazi ya watafiti wa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiki hutafuta kingamwili zinazolenga protini zilizobadilishwa umbo, na ni nadra kuwa chanya kwa mtu asiye na ugonjwa huu. Ndicho kipimo chenye thamani kubwa kati ya vinne, na kwa bahati mbaya ndicho chenye bei kubwa na kinachokosekana zaidi nje ya miji mikubwa.

Anti-CCP kina uwezo wa kuona mbali. Mwaka 2004 watafiti wa Amsterdam walifukua damu iliyohifadhiwa ya wachangiaji damu 79 ambao baadaye waliugua baridi yabisi. Karibu nusu yao walikuwa na kingamwili hizi, RF au anti-CCP, kabla kidole chochote hakijauma, na kwa wastani wa kati ilikuwa miaka 4.5 kabla. Damu ilishajua. Tena, watu wenye anti-CCP nyingi ndio ambao mifupa yao hulika zaidi na mapema, kwa hiyo kipimo hicho kinamwambia daktari asivute muda.

Namba nne kati ya kumi

Pamoja na hayo yote, damu peke yake haitoi hukumu, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mwaka 2010 vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vilikubaliana kipimo cha alama 10, ambapo mgonjwa mwenye kiungo kilichovimba bila sababu nyingine akipata 6 huhesabiwa kuwa na ugonjwa. Idadi na aina ya viungo vinavyouma hubeba hadi alama 5. RF na anti-CCP kwa pamoja haziwezi kuzidi 3, na hizo tatu hupatikana tu kama kiwango kimevuka mara tatu ya mpaka wa juu. ESR au CRP ikiwa juu ni alama 1. Dalili zikiwa zimedumu wiki sita au zaidi, 1 nyingine.

Jumlisha: damu yote, hata ikiwa mbaya kiasi gani, ni alama 4. Hazifiki 6. Zilizobaki ziko mikononi mwa mgonjwa, zikisubiri mtu wa kuishika hiyo mikono na kuibonyeza. Mfanyabiashara anayeingia maabara ya mjini, akaomba "kipimo cha baridi yabisi" bila kuonwa na mganga, ananunua nusu ya bidhaa.

Katika ukanda huu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu RF hupanda kwa mambo mengi yaliyo ya kawaida kwetu: malaria, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, kifua kikuu, hata uzee wenyewe. Kifua kikuu kimeonekana kukipandisha hata anti-CCP kwa baadhi ya wagonjwa. Mtu mwenye homa ya ini akiambiwa ana baridi yabisi kwa sababu ya kibao kimoja kilichogandamana, akapewa dawa za kupunguza kinga, ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi huyo anauma.

Kusini-magharibi mwa Uganda pia ni nchi ya ng'ombe wa Ankole na ya maziwa. Ugonjwa wa bruselosi, unaotoka kwa mifugo kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa kondo na damu ya mnyama aliyezaa, huleta homa ya kupanda na kushuka, mgongo kuuma na viungo kuvimba. Huo hutibiwa kwa antibiotiki mbili kwa wiki kadhaa, na ukipona umepona. Mchuuzi wa maziwa mwenye nyonga inayouma ana haki ya kuulizwa kuhusu maziwa kabla ya kutolewa damu.

Virusi navyo vimepita hapa. Juni 1996, hospitali na vituo vya Rakai vilianza kupokea watu wenye homa, upele na maumivu makali ya viungo. Ugonjwa ukaenea Masaka na Mbarara, wakati huo Isingiro ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Mbarara, na ukavuka hadi Bukoba, Tanzania, bila kuuliza pasipoti. Ulikuwa o'nyong-nyong, virusi vilivyotambuliwa kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kupewa jina la Kiacholi linalohusu kudhoofika kwa viungo. Mlipuko huo wa kwanza uliwapata watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki na nchi jirani. Ndugu yake ni chikungunya, iliyotokea kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na ambayo jina lake la Kimakonde linamwelezea mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu. Dunia nzima leo inatamka neno hilo bila kujua limetoka Newala. Kwa baadhi ya waliougua chikungunya, viungo huendelea kuuma kwa miezi, hata miaka, na kwa macho hufanana sana na baridi yabisi. Kinachosaidia kutofautisha ni historia: homa ilianza lini, na nani mwingine nyumbani aliugua wiki hiyo.

Damu inayosoma uharibifu wenyewe

Vipimo vinne vilivyotajwa husema kuna moto, au ni nani aliyeuwasha. Havisemi nyumba imeungua kiasi gani. Kwa swali hilo madaktari bado hutegemea eksirei, ambayo huonyesha tundu kwenye mfupa likishatoboka, au mashine ya mawimbi ya sauti, inayoona mapema zaidi ikiwa kuna mtu aliyefunzwa kuisoma.

Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka thelathini wanasayansi wamekuwa wakitafuta vipande vya gegedu ndani ya damu. Gegedu likisagika, vipande vyake huvuja kutoka kwenye kiungo. Watafiti wa Lund, Sweden, walieleza mwaka 1992 protini ya gegedu iitwayo COMP inayoweza kupimwa kwenye damu. Kipande kingine, CTX-II, kinatokana na nyuzi za gegedu na hupimwa kwenye mkojo. Japani hospitali hutumia kwa kawaida kipimo cha MMP-3, kimeng'enya kinachotafuna kiungo. Kwingineko vipimo hivi bado ni vya utafiti zaidi, kwa sababu namba zake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na mtu aliyetembea kilomita kumi na mzigo kichwani anaweza kuonekana ana gegedu linalosagika kuliko aliyekaa. Hilo la mwisho linawahusu watu wa Nakivale moja kwa moja. Atakayeleta kipimo cha namna hii Afrika Mashariki itambidi kwanza aandike viwango vya watu wanaobeba mizigo, si vya watu wa ofisini Ulaya.

Kazi kama hiyo ya kujenga takwimu za kwetu imeanza mahali pengine. Watafiti wa Kilimanjaro wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamechunguza magonjwa ya viungo katika jamii za wilaya ya Hai, Tanzania. Kenya mradi uliopewa jina UWEZO uliwafunza wahudumu wa afya kuchunguza viungo kwa mikono. Mabingwa wa fani hii bado wanahesabika kwa vidole katika kanda nzima, na hakuna njia ya mkato ya kuwaongeza.

Majibu yasiyovuka mpaka

Mfanyabiashara anayezunguka kati ya Nakivale, Kikagati na Murongo, au anayekwenda Mutukula na Bukoba, hukabiliwa na shida ambayo mgonjwa wa kukaa mahali pamoja haijui. Anapimwa Mbarara mwezi wa kwanza, anaugua zaidi akiwa Bukoba mwezi wa tatu, anapimwa upya kwa gharama yake, na majibu mawili hayafanani. Mara nyingi si kwamba ugonjwa umebadilika. Maabara hutumia vifaa vya watengenezaji tofauti, na mpaka wa juu wa RF au anti-CCP katika kifaa kimoja si ule wa kingine. Namba bila mpaka wake ni kama bei bila kutaja sarafu: 50 ni nyingi au kidogo? Shilingi ya wapi?

Hili lina mfano wa karibu wa kulitatua. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikabidhi maabara tisa zinazohamishika kwa nchi wanachama kwa ufadhili wa Ujerumani, na ikaanzisha mfumo wa kielektroniki uliowezesha majibu ya dereva wa lori kutambuliwa na nchi jirani kupitia simu. Foleni za Malaba zilipofika kilomita nyingi, serikali ziligundua haraka kwamba majibu ya damu na makamasi yanaweza kuvuka mpaka. Lori lina sauti kubwa kuliko kidole cha mchuuzi, lakini teknolojia ni ile ile.

Kwa sasa daftari ndilo mfumo. Mfanyabiashara anayetunza risiti za ushuru anaweza kutunza na karatasi ya maabara kwenye mfuko huo huo wa plastiki, ikionyesha tarehe, jina la kipimo, namba, na mpaka wa juu ulioandikwa pembeni.

Faida yake ni dawa. Methotrekseti, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu, ni ya miaka mingi na si ya anasa. Humezwa mara moja kwa wiki. Aliyeimeza kila siku kwa kutoelewa anaweza kufa. Mama mjamzito au anayetarajia mimba haruhusiwi kabisa, kwa sababu huharibu mtoto tumboni. Huandamana na vidonge vya foliki, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe. Mtu anayevuka mpaka na dawa ya namna hiyo bila karatasi yoyote anamwachia daktari wa upande wa pili kubahatisha.

Kinachotokea zaidi ni kinyume chake. Dukani kuna prednisoloni, na ndani ya siku mbili vidole hufunguka kama muujiza. Anayeiuza anasifiwa. Miezi sita baadaye uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imedhoofika, kifua kikuu kilichokuwa kimelala kimeamka, na kuiacha ghafla nako ni hatari. Kiungo, wakati huo wote, huweza kuendelea kulika chini ya ukimya wa dawa. Prednisoloni ina nafasi yake, kwa dozi ndogo na kwa muda, ikiandikwa na anayejua itaisha lini.

Kabla ya nauli ya Mbarara kulipwa, kipo kipimo kisicho na sindano ambacho muuguzi wa kituo cha afya anaweza kukifanya chini ya mwembe. Anashika kiganja cha mgonjwa kwa upana, kama mtu anayesalimia, na kubana mstari wa vifundo vya vidole. Mwenye uvimbe wa kweli ataruka. Kisha anauliza swali moja: leo asubuhi, tangu uamke, ilichukua dakika ngapi vidole viweze kufunga kifungo cha blauzi? Goti lililochakaa hulegea kwa kawaida ndani ya nusu saa. Anayejibu kwamba ilibidi binti yake amfungie, na kwamba imekuwa hivyo tangu mwezi uliopita, apewe barua ya rufaa siku hiyo hiyo.